Mchoraji na Ofisa Wake wa Majini

Mchoraji wa mtaa wa Somanda hakuwa akijibu salamu mpaka amalize mstari. Kwetu Bariadi hilo si jambo dogo. Mtu akikukuta asubuhi anakuambia mwangaluka, unaitikia, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na ukikatisha katikati unahesabiwa kuwa umekosa malezi. Yeye alikuwa amesimama mbele ya ubao, mgongo ameuelekeza barabarani, brashi imeshagusa, na salamu yako inabaki hewani. Waliomjua walisimama wakasubiri. Wasiomjua walinuna wakaenda zao, na mara nyingi walikuwa wameshafika kwenye duka la pembejeo pale kona ndipo walipomsikia akipaza sauti nyuma yao, "Mhola, mhola. Na nyumbani hawajambo?" Ikawabidi wageuke. Mama yangu alisema ni mtu pekee mjini anayeweza kukudharau na kukuheshimu kwa salamu moja, mradi uwe na subira ya dakika tatu.

Nimemfahamu tangu sijajua kutembea, kwa sababu nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Habari za ukoo wake sizijui na sikuwahi kuziuliza. Watu wazima walimwita Fundi. Watoto tulimwita guku, yaani babu, hata kabla hajazeeka. Mimi hapa namwita mchoraji kwa kuwa ndivyo alivyojiita mwenyewe, hata ile miaka ambayo kazi pekee aliyopata ilikuwa kuandika bei za kunyoa kwenye milango ya saluni.

Kazi hizo ndogo alizifanya kwa kununa, na alizifanya vizuri kupita kiasi. Mwenye bucha mmoja alimwomba amchoree ng'ombe ukutani, ng'ombe yeyote tu, watu wajue kuwa hapo panauzwa nyama. Akachora dume jeusi lenye baka jeupe begani na pembe moja iliyoshuka. Wiki haikuisha, mzee mmoja aliyetoka mnadani akaingia mle akiwa amekunja uso, akauliza dume lake limechinjwa lini na nani ametoa ruhusa. Mchoraji alikuwa ameliona dume hilo mara moja tu, likipitishwa barabarani miezi mingi nyuma. Mwenye bucha alihangaika nusu saa nzima kumweleza mzee kwamba ile ni rangi. Mzee aliondoka bila kuridhika, na nasikia alipofika kwake alikwenda zizini moja kwa moja kuhakikisha.

Lakini kazi aliyoiona kuwa ndiyo yake hasa ilikuwa kuchora marehemu. Familia ilimletea kipicha cha kitambulisho kilichofifia, naye akakikuza kuwa picha ya kutundika sebuleni, marehemu amevaa vizuri, nyuma yake ng'ombe, au shamba la pamba iliyopasuka, au mawe makubwa ya kijijini kwao. Ukiingia nyumba tano za Somanda zenye picha zake utakutana na wanaume watano wasiohusiana kabisa, kila mmoja na sura yake, na wote wana mkono mmoja uleule. Vidole virefu, kucha safi, kidole cha mwisho kimejitenga kidogo na wenzake. Mkono wa mtu asiyewahi kushika jembe, umepakwa rangi ya kahawia.

Mkono huo ulikuwa wa mzungu. Sebuleni kwa mchoraji, juu ya kabati la vyombo, ilitundikwa picha ya ofisa wa jeshi la majini. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mashavu mekundu, koti la buluu iliyokolea lenye safu mbili za vifungo vya dhahabu, kizibao cheupe, suruali iliyobana na kuishia magotini. Mkono wa kulia umeegemea nanga. Wa kushoto umeingizwa ndani ya kizibao. Nyuma yake bahari imechafuka na meli imelala upande, matanga yamejaa upepo. Na nywele zake zilikuwa nyeupe pepe.

Aliipata ujanani, alipokuwa akipiga chapa marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Meneja, mzungu, alikuwa anahama, akatoa vitu vyake uani viuzwe: viti, masufuria, kitanda cha chuma. Mchoraji aliinunua picha kwa ajili ya fremu. Alikuwa ametoka kuoa na alitaka fremu nzuri ya picha ya harusi. Alipofika nyumbani akaanza kung'oa vimisumari vya nyuma, akaigeuza mara moja aone ni nini hasa anachokitoa, kisha vimisumari akavirudisha kimoja kimoja. Picha ya harusi ikakaa kwenye bahasha miaka yote, na mkewe hakuacha kulitaja jambo hilo mbele ya wageni.

Hakuwa na mwalimu mwingine. Kila asubuhi kabla ya chai alisimama mbele ya ofisa, mikono nyuma, kwa muda ambao watu wengine wanautumia kusali. Ofisa ndiye aliyemfundisha namna kitambaa kinavyojikunja kwenye kiwiko, na namna shavu moja linavyokuwa na mwanga na lingine likanyimwa. Aliwahi kunieleza kwamba kifungo cha dhahabu ni vitu vitatu tu, giza, rangi na nukta nyeupe, na kwamba ilimchukua msimu mzima wa pamba kuiona ile nukta.

Majirani walikuwa na maoni yao. Wapo waliosema huyo ni Mjerumani wa enzi zile na kwamba si vizuri kumweka ndani. Bibi mmoja hakukubali kukaa akiwa amempa mgongo. Mama mkwe wa mchoraji alipokuja kutembea, mchoraji mwenyewe alihamia uani kama mila inavyotaka, kwa kuwa mkwe hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Chakula kilipotengwa, mama mkwe akamtazama ofisa, akaweka kijiko chini, akaomba naye ageuzwe ukutani. "Huyo naye ni mwanaume wa nyumba hii," alisema. Tangu hapo kila alipokuja ofisa aligeuzwa, na mchoraji aliona kuwa ni haki kabisa.

Nywele ndizo zilizowashinda watu. Uso wa kijana, nywele za babu. Mchoraji alilifikiria sana jambo hilo na akafikia uamuzi wake: kijana huyu alikabidhiwa meli na watu ndani yake, na yule aliyemchora akampa mvi kwa heshima, ili watu wamtii. Alipokwisha kuamini hivyo, naye akaanza kuwagawia marehemu wake mvi. Aliyekufa na miaka hamsini alipewa mvi za sabini. Siku moja mama wa kijana aliyekufa kwa ajali ya bodaboda alikuja kuchukua picha ya mwanawe wa miaka ishirini na sita na kumkuta ana kichwa cheupe. Kaka za marehemu walikasirika, wakasema warudishiwe walichotoa. Mama yao alikaa chini palepale, akaitazama mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Mwacheni. Nimemwona alivyozeeka." Wakaibeba.

Baadaye sana gari la mhadhiri mmoja wa sanaa, aliyekuwa anaelekea Lamadi, liliharibika karibu na kwetu, naye akakaribishwa kivulini. Ndiye aliyemweleza mchoraji kwamba ile ni picha ya kuchapwa, kwamba yenyewe halisi ilichorwa kwa rangi za mafuta karne ya kumi na nane, na kwamba maofisa wa siku zile walivaa nywele za bandia wakazipaka unga.

"Unga," mchoraji alisema. "Wa mahindi?"

Mhadhiri alisema pengine wa ngano. Mchoraji alimshukuru, akamsindikiza hadi kwenye gari, akarudi, na kwa wiki nzima hakusimama mbele ya ofisa. "Mwanaume mzima amepewa meli, anajipaka unga kichwani," alimwambia mama yangu kupitia ule ua wa minyaa. Lakini mvi za marehemu hakuziacha. Alisema kama mwenzake alidanganya, hiyo ni juu ya mwenzake.

Kuhusu ule mkono uliofichwa ndani ya kizibao hakukubali maelezo ya mtu. Mhadhiri alimwambia ilikuwa namna ya kusimama kwa adabu. Majirani walisema ofisa alikuwa anaumwa tumbo. Mchoraji alijua la kwake: mikono ni kazi ngumu kuliko zote, na yule fundi wa zamani alichora mmoja, akachoka, wa pili akauficha. Jambo hilo lilimfariji maisha yake yote. Naye alichora mmoja na kuuficha wa pili, na mtu akimuuliza marehemu ameweka nini ndani ya koti anajibu, "Hata huko Ulaya ulimshinda mtu."

Usidhani kwa kuishi na meli ukutani alipenda maji. Aliyaogopa waziwazi. Aliitwa Lamadi mara moja kuandika majina kwenye mitumbwi ya wavuvi, akaandika ubavu mmoja akiwa amekaa mchangani, kisha akaomba mtumbwi ugeuzwe ili ule ubavu wa upande wa ziwa nao uje nchi kavu. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini, lakini waliugeuza. Alirudi siku hiyohiyo.

Sasa niseme namna alivyofanya kazi, kwa sababu bila hilo, picha tuliyomwagiza sisi wenyewe haieleweki. Mchoraji hakukiamini kipicha cha kitambulisho. Alisema mtu anapopigwa picha ya kitambulisho anakuwa amebana pumzi, na yeye hachori watu waliobana pumzi. Kwa hiyo aliwaita ndugu. Aliwapanga kwenye benchi uani, akamkopa marehemu kutoka kwao: masikio ya kaka huyu, paji la uso la shangazi yule, kidevu cha mtoto wa tatu. Na palikuwa na sharti ambalo halikuvunjwa. Picha haikutoka kwenye ule ua mpaka mtu aliyemjua marehemu akae kwenye benchi, aitazame, aseme, "Ndiye." Tajiri mmoja alitaka babu yake achorwe, na aliyemjua babu alikuwa hajabaki hata mmoja. Mchoraji alikataa kazi hiyo wakati nyumbani kwake wanakula michembe, viazi vikavu, mchana na jioni.

Kutoka Shishiyu ililetwa kazi ya mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, na aliyekuja kushuhudia alikuwa mke mkubwa, bibi kizee mwembamba aliyetembelea fimbo. Siku ya kwanza akasema siyo, mdomo umekazwa mno. Mchoraji akalegeza. Siku ya pili akasema siyo, macho yalikuwa madogo kuliko hayo. Siku ya tatu siyo, na safari hii alishindwa kusema ni nini hasa. Wajukuu wakaanza kulalamika juu ya nauli. Bibi alikuwa anakunywa chai, anaitazama brashi ikienda na kurudi, na nafikiri alikuwa anafurahia kumwona mumewe akitengenezwa upya. Siku ya nne akasema, "Ndiye. Ila mbona ananiangalia vizuri hivyo?"

"Nimrudishe alivyokuwa?" mchoraji akauliza.

"Hapana. Mwache."

Picha yetu ndiyo iliyomshinda, na kwa muda mrefu niliamini kuwa kosa ni langu.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Nassa. Alizama nikiwa bado tumboni. Hakuacha picha hata moja, na kama ilikuwepo, basi ilikuwa mfukoni mwake siku ile. Mdogo wake alitaka kumrithi mama kama ilivyokuwa desturi. Mama akakataa, akafunga mzigo, akarudi Bariadi na mimba ya miezi sita, na ndugu wa baba wakasema kuanzia siku hiyo hawamjui. Akapata chumba Somanda, akaanza kuuza dagaa sokoni. Nilipotimiza mwaka alizunguka ua wa minyaa, akamwambia mchoraji anataka mume wake awe ukutani. "Mtoto asije akakua akidhani ametoka hewani," alisema.

Mchoraji alianza na alichoweza. Akachora koti la buluu na vifungo vyake, akachora mkono. Ile meli ya ofisa aliinakili ilivyo, na yale maji aliyachora kwa maelezo ya mama, yawe ziwa linavyoonekana kutoka Nassa asubuhi. Alipofika kwenye uso akasimama. Hapakuwa na kaka wa kuketi kwenye benchi, wala shangazi. Akanitazama mgongoni kwa mama, nimelala mdomo wazi, akasema, "Sura yake anayo huyu. Tusubiri ikae."

Basi tukasubiri. Kila shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili mama alinipaka mafuta, akanipeleka, nikaketi kwenye benchi. Mchoraji alifumba jicho moja akanitazama. Alimuuliza mama maswali mawili matatu kwa sauti ndogo, pua vipi, midomo vipi, mama akajibu. Kisha akafuta mikono na kitambaa chake, akasema, "Bado."

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuambiwa bado kuhusu uso wake mwenyewe. Picha ilisimama ukutani mwa kibanda chake imefunikwa kanga, na watoto wa mtaani waliifunua na kuchungulia, kisha wakanikimbilia kuniambia baba yako hana kichwa. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilivizia mchoraji ameenda msikitini, nikachukua kipande cha mkaa, nikamchorea baba yangu uso. Macho, pua, mdomo unaocheka. Nilijivunia sana kwa muda wa saa moja, halafu nikaogopa nikajificha jikoni kwetu. Mchoraji alirudi, nikamsikia akitembea, akasimama. Aliniita, nikaenda. Hakunigombeza. "Macho umeyaweka juu mno," alisema. "Macho ya mtu yako katikati ya kichwa. Pima." Akauchukua mkono wangu nipime kwenye uso wake. Kisha akaufuta ule mkaa taratibu na kitambaa chenye maji, na moyo uliniuma utafikiri ameufuta uso wa kweli.

Nilipofika miaka kumi na sita nilikataa. Nilimwambia mama mimi si mfuko wa kubebea sura ya mtu. Mama akavaa kanga zake akaenda peke yake, akarudi akasema, "Fundi anasema tusubiri." Nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule Maswa, nikaolewa huko, nikazaa. Nilipokuja kumwona mama nilipita kwa mchoraji kusalimia, nikasubiri amalize mstari wake, naye akanitazama kwa jicho moja. Bado. Nikiwa na miaka thelathini, bado. Thelathini na minane, bado. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na huzuni, kwa sababu nilikuwa nimeshajijibu mwenyewe: sikufanana naye. Na kama sikufanana naye, sikuwa na kitu chake chochote duniani, na mama alikuwa ananitunza kwa matumaini ya bure.

Mwaka jana, likizo ya mwezi wa sita, mchoraji alinipigia simu. Hakuwa mtu wa simu. Alisema, "Njoo Somanda. Jicho langu la kulia limeshaondoka, la kushoto linajiandaa."

Nilimkuta amepungua. Mabango ya kuchapwa kwa mashine yalikuwa yamemnyang'anya kazi zamani, na brashi zilizobaki zilienea kwenye kikombe kimoja. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe. Lakini ile picha alikuwa ameshaifunua na kuiweka kwenye kiti, na benchi alikuwa amelifuta vumbi. Nilimwamkia, akaniitikia papo hapo, na hapo ndipo nilipojua kuwa ni mzee kweli.

Nilikaa siku tatu, asubuhi tu, mwanga ukiwa mzuri. Alichora huku ameusogeza uso wake karibu kabisa na turubai, kisha ananigeukia, kisha anarudi. Siku ya pili nikamuuliza kilichobadilika. Nikamuuliza ni lini basi uso wangu ulikaa.

"Ulikaa zamani," alisema. "Ulipokuwa na miaka ishirini hivi."

Nilimwangalia. Nilitaka kusimama. "Guku, umeniambia bado miaka ishirini na zaidi."

"Kaa, nisipoteze shavu." Akamaliza kwanza alichokuwa anafanya. "Yule bibi wa Shishiyu alinigombeza siku tatu. Na wote wanakuja hivyo. Hapa umekosea, pale umezidisha, wanagombana wao kwa wao, wengine wanaondoka hawasemeshani. Mtu anayekumbuka anabisha. Mama yako nilimuuliza pua, akasema ya mtoto. Midomo, ya mtoto. Masikio, ya mtoto. Kila mwaka. Hakubisha hata mara moja."

Sikuelewa upesi. Mimi ni mwalimu, lakini sikuelewa upesi.

"Amemsahau, ng'wanawane," alisema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Alikaa naye miaka miwili tu, na mimba, na msiba, na ule ugomvi. Sura ilimtoka. Mimi ningemaliza picha ningemweka kwenye benchi hilo nimuulize, ndiye? Angejibu nini? Aseme uongo, au aseme mbele yangu na yako kwamba hamjui mume wake? Nikaona bora niseme bado."

"Na mimi?" nilimuuliza. "Mimi nilidhani sifanani naye."

Aliiweka brashi chini. Alisema hilo hakulifikiria. Alisema nimsamehe, alikuwa anamtazama mama yangu, hakujua kuwa mimi pia nimekaa palepale. Ni mara pekee niliyomsikia akiomba radhi kwa mtu, na nilimsamehe kabla hajamaliza, ingawa nililia kidogo na akanisubiri.

"Kwa nini sasa?" nikamuuliza baadaye.

"Kwa sababu mimi nikishapofuka, hatakuwa hata na wa kumwambia bado."

Siku ya nne nilimleta mama kwa bajaji, maana magoti hayamruhusu kuzunguka hata ule ua. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Tukamketisha kwenye benchi, mchoraji akaondoa kanga.

Niseme nilichokiona mimi. Niliona koti la buluu na vifungo vinavyong'aa, niliona ziwa, na juu ya koti niliona mwanaume mwenye macho yangu na taya yangu, mtu wa makamo, nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Baba alikufa hajafika hata miaka thelathini. Mchoraji alikuwa amemzeesha makusudi, asipishane sana na mama kwa umri. Alikuwa mwanaume mzuri. Nilitamani sana awe yeye.

Mama alitazama. Alitazama koti, alitazama maji, aliutazama uso, akarudi kwenye maji. Vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la kitenge na kulikunjua. Mchoraji alisimama pembeni, kitambaa mkononi, na hakuuliza swali lake. Kisha mama akanigeukia mimi, mimi niliyezaliwa baada ya msiba, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Eti, mwanangu. Ndiye?"

Mchoraji naye akanigeuzia lile jicho lake moja, na nikaona yuko tayari kupokea jibu lolote nitakalotoa.

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Ningelisema, angelirudia, tungeibeba picha nyumbani na angekaa nayo maisha yake yaliyobaki kama mtu anayekaa na mgeni. Nikalimeza.

"Pua, mayu," nikamwambia mama. "Naona Fundi ameikosea. Ya baba ilikuwa nyembamba kuliko hiyo."

"Nyembamba?" mama akasema.

"Ndiyo. Na imenyooka."

"Wewe ulimwona wapi?"

"Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?" Alikuwa amekaa wima sasa. "Nyembamba. Baba yako alikuwa na pua pana, pana kabisa, ndiyo hiyo hiyo uliyo nayo, mtu hawezi kukosea. Usiniletee maneno ya watu wa Nassa hapa."

"Basi labda nimekosea, mayu. Labda ni pua tu, mengine yako sawa."

"Pua haina neno, nimekwambia." Alikuwa anaitazama picha kwa namna nyingine, kichwa amekiinamisha upande, macho ameyakunja. "Sikio ndilo ameliharibu. Hilo la kushoto. Mbona amelimaliza zima? Lilikuwa na mkato huku chini. Kaka yake alirusha mshipi vibaya wakiwa vijana, ndoano ikamchana. Nilikuwa namtania kwamba nimeolewa na ng'ombe aliyekatwa sikio kwa alama, akatoroka zizini kwao."

Mkono ukamwendea mdomoni. Sikuwahi kusikia habari ya ndoano hiyo. Kwa miaka yangu yote arobaini na mitatu sikuwahi kuisikia.

Mchoraji alikuwa ameshainama kwenye kikombe, anapapasa kutafuta brashi ndogo.

"Mkato ulikuwa wapi hasa, mayu?" akauliza, na mama akainuka kwenye benchi bila kushikwa mkono, akaenda kumwonyesha.